Ng'ombe wa Jua: swali la mistari 44, jibu la tarakimu 206,545



Ku mitandao tunaletewa namba kubwa sawa vile mtu anaonyesha jengo refu: "Angalieni, iko kubwa!" Tunashangaa kidogo, tunapita. Leo nataka tusimame mbele ya namba moja na tuihukumu kama tunavyohukumu kitabu ao sinema. Swali lake limetungwa vizuri? Wale walioijibu walifanya kazi ya maana? Na sisi inatufundisha nini?

Namba yenyewe ni hesabu ya ng'ombe. Njo maana mimi mtu wa agronomia ninajiruhusu kuingia ku zizi la wanahesabu.

Mwaka 1773, mwandishi Mjerumani Gotthold Ephraim Lessing, aliyekuwa mtunza maktaba ya Wolfenbüttel, alichapisha shairi la Kigiriki alilolikuta ku maandiko ya zamani ya maktaba hiyo. Lina mistari 44. Maneno ya juu yake yanasema kwamba ni swali Archimedes alilowatumia wanahesabu wa Alexandria, ku barua yake kwa Eratosthenes wa Cyrene. Wasomi wamebishana kama mistari yenyewe ni ya mkono wake. Lakini Archimedes alikuwa mtu wa Syracuse, mji wa kisiwa cha Sicily, na alikufa pale pale mwaka 212 kabla ya Kristo. Ng'ombe wa shairi nao wanakula majani ku kisiwa hicho hicho.

Swali liko hivi. Jua, mungu wa Wagiriki, ana ng'ombe wa rangi nne: weupe, weusi, wa njano na wa madoadoa. Kila rangi ina madume na majike. Shairi halikuambii hata idadi moja; linakuambia tu namna kundi moja linavyohusiana na lingine. Madume weupe ni nusu na theluthi ya madume weusi, ukiongeza madume wote wa njano. Madume weusi ni robo na sehemu ya tano ya madume wa madoadoa, tena ukiongeza wa njano. Madume wa madoadoa ni sehemu ya sita na ya saba ya madume weupe, tena na wa njano juu. Kisha majike: majike weupe ni theluthi na robo ya kundi lote jeusi, madume na majike pamoja, na vile vile rangi kwa rangi mpaka mzunguko unafungana. Mwishoni unaulizwa: ng'ombe wako wangapi?

Ukiandika vizuri unapata milinganyo saba na vitu nane visivyojulikana. Maana yake jibu haliko moja. Kuna jibu dogo kuliko yote, halafu unaweza kulizidisha mara mbili, mara tatu, mara elfu, na masharti yote yanabaki sawa. Jibu dogo ni hili:

Weupe: madume 10,366,482, majike 7,206,360.
Weusi: madume 7,460,514, majike 4,893,246.
Madoadoa: madume 7,358,060, majike 3,515,820.
Njano: madume 4,149,387, majike 5,439,213.
Jumla: 50,389,082.

Usiniamini bure, shika telefone yako. Nusu na theluthi ya 7,460,514 ni 6,217,095. Ongeza 4,149,387, unapata 10,366,482. Madume weupe hao wamefika.

Sasa, kabla ya kusonga, mniruhusu nivae buti za shamba. Sicily ina eneo la kilometa mraba 25,700 hivi, yaani hekta 2,570,000. Gawanya kwa ng'ombe milioni 50: kila mmoja anapata kama meta mraba 510, kiwanja cha nyumba ya mjini, na hapo umeshahesabu mpaka miamba ya mlima Etna kuwa malisho. Halafu angalia madume: wako 29,334,443, na majike 21,054,639 tu. Mfugaji yeyote anajua dume mmoja anatosha majike ishirini ao thelathini. Hapa ni rangi ya njano peke yake ambayo majike ni wengi kuliko madume. Hili haliko kundi la maziwa, ni kundi la vita.

Je, hiyo ni kasoro ya mtunzi? Ninaona hapana, na hapa njo ninaanza kumheshimu. Ng'ombe wa Jua hakuwazua yeye. Wako tayari ku Odyssey ya Homer, sehemu ya 12: makundi saba ya ng'ombe hamsini hamsini, yaani 350, na inasemwa wazi kwamba hawazai na hawafi. Kundi lisilozaa na lisilokufa halihitaji uwiano wa madume na majike, halihitaji hekta. Mtunzi alichagua kundi moja tu ku hadithi zote za watu wake ambamo sheria za ufugaji hazifanyi kazi, ili abaki na namba tupu. Huyo ni mtu anayejua anachofanya.

Ukifika hapo shairi linakupa cheo. Linasema, kwa maana yake, kwamba wewe si mjinga wa hesabu, lakini bado hauhesabiwi kati ya wenye hekima. Sisi wa Congo tunaelewa lugha hiyo mara moja: umepata gradua, lisansi bado. Kwa lisansi kuna masharti mawili ya kuongeza. La kwanza, madume weupe na weusi wakichanganyika wanasimama kwa umbo la mraba, urefu na upana sawa. La pili, madume wa njano na wa madoadoa wakichanganyika wanasimama kwa umbo la pembetatu, kuanzia mmoja mbele na kuongezeka kila mstari.

Mtu wa miche ataona haraka. Panda mistari 5 ya miche 5: 25, hiyo ni namba ya mraba. Panda mche 1, kisha 2, kisha 3, kisha 4: umefika 10, hiyo ni namba ya pembetatu. 1, 3, 6, 10, 15, 21, na kuendelea. Masharti ya mtoto wa shule ya msingi. Ungefikiri jibu litaongezeka mara mbili ao mara kumi.

Kabla hatujafika ku jibu, simameni kidogo ku neno "mraba", maana hapo njo penye uhai wa shairi lote. "Urefu na upana sawa": sawa kwa nini? Kama ni sawa kwa idadi ya ng'ombe, basi jumla ya madume weupe na weusi lazima iwe namba ya mraba kamili. Lakini ng'ombe si mche. Ng'ombe ni mrefu kuliko upana wake. Ukiwapanga kwa mistari mpaka uwanja uwe mraba kwa meta, idadi kwa urefu na idadi kwa upana hazitalingana. Unahitaji tu namba inayogawanyika kwa mistari yenye urefu sawa. Mjerumani Wurm alilisoma hivyo ku karne ya 19, na jibu dogo kwa usomaji wake ni ng'ombe 5,916,837,175,686. Ni kundi letu la kwanza mara 117,423. Namba ya tarakimu 13, inaandikwa ku kiganja.

Usomaji wa kwanza, ule wa mraba kamili, ndio wengi wanaufuata. Na jibu lake dogo lina tarakimu 206,545. Sisemi ng'ombe 206,545. Nasema ukianza kuiandika namba, itakubidi uandike tarakimu laki mbili na elfu sita na zaidi kabla ya kuweka kalamu chini. Shairi lile lile, ng'ombe wale wale, neno moja limesomwa kwa namna mbili: upande mmoja tarakimu 13, upande mwingine 206,545.

Namna gani inalipuka hivyo? Hapa sitapita mbio, maana njo kiini. Jibu dogo la sehemu ya kwanza linazidishwa na namba fulani tusiyoijua. Madume weupe na weusi ni 17,826,996 mara namba hiyo. Ukivunja 17,826,996 unapata 4 × 3 × 11 × 29 × 4,657. Nne ni mraba tayari. Zingine zinasimama moja moja, hazina mwenzake. Kwa hiyo ili jumla iwe mraba, lazima namba yetu iwalete wenzake: 3 × 11 × 29 × 4,657, yaani 4,456,749, mara mraba wowote. Mpaka hapo hakuna msiba. Ng'ombe wote ni 224,571,490,814,418 mara mraba fulani.

Msiba unaingia na pembetatu. Ukiandika sharti hilo na kusafisha, unabaki na mlinganyo mmoja mfupi: tafuta namba kamili mbili, x na y, ambazo x² ukitoa 4,729,494 × y² inabaki 1. Wanahesabu wanauita mlinganyo wa Pell. Juu ya hayo, y lazima igawanyike kwa 9,314.

Ili muone ubaya wa mlinganyo huo, achaneni na 4,729,494, tuchukue namba ndogo. Weka 60: x ni 31 na y ni 4, kwa sababu 961 ukitoa 960 inabaki 1. Weka 62: x ni 63 na y ni 8, kwa sababu 3,969 ukitoa 3,968 inabaki 1. Sasa weka 61, iliyo katikati yao. Jibu dogo kabisa ni x = 1,766,319,049 na y = 226,153,980. Hakuna dogo kuliko hilo. Bhaskara wa Uhindi alilijua tangu karne ya 12, na Fermat wa Ufaransa alilitumia mwaka 1657 kuwasumbua wenzake. 60 na 62 ni majirani wapole. 61 anaishi katikati yao na nyumba yake inafika mawinguni.

Kwa hiyo ukubwa wa jibu hautoki ku ukubwa wa swali. Unatoka ku asili ya namba yenyewe, kitu ambacho kwa macho haukioni. Hili njo somo ninaloliweka juu ya yote ku kazi hii. Tumezoea kufikiri kwamba swali dogo lina jibu dogo, na ukigusa kidogo, matokeo yatasogea kidogo. Shairi linasema hapana: kutoka 60 kwenda 61 kuna hatua moja, na kuna shimo.

Sasa tuwahukumu waliojibu.

Amthor, Mjerumani, mwaka 1880, alitumia kalamu na logariti. Kwa namba 4,729,494 alipata x ya tarakimu 45. Lakini y yake haikugawanyika kwa 9,314, na akaonyesha kwamba lazima jibu hilo lipandishwe kwa kipeo cha 2,329 ili sharti litimie. Hapo akasimama. Hakuandika namba, alisema tu itakuwa na tarakimu 206,545 na itaanza na 7766. Tarakimu ya nne ilikosea: namba inaanza na 7760. Mimi ningempa pointi karibu zote. Alijua muundo wa jibu, alijua urefu wake, alisema ameishia wapi.

Halafu ku mji mdogo wa Hillsboro, jimbo la Illinois, Marekani, kikundi cha wapenda hesabu kilikaa kuanzia 1889 mpaka 1893 kikitafuta kwa mkono tarakimu za mwanzo na za mwisho. Walipata kama 30 za kushoto na 12 za kulia. Miaka minne kwa tarakimu arobaini na kitu! Wengine watacheka. Mimi ninawapenda, lakini kama kazi ya akili haikuongeza kitu ku ile ya Amthor, iliongeza jasho.

Mwaka 1965, watu watatu wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, walipata namba nzima kwa kompyuta. Mashine kubwa ya IBM 7040 ilifanya kazi masaa 7 na dakika 49. Mwaka 1981, Harry Nelson aliirudia na Cray-1 kwa dakika kumi hivi, na tarakimu zote zikachapishwa, kurasa 12 za maandishi madogo madogo. Wengi wanaposimulia habari hii wanaona hapo ndipo mwisho mtamu: mwishowe ng'ombe wamehesabiwa!

Mimi sikubali. Kurasa 12 za tarakimu ni jibu maskini kuliko yote. Ukiziangalia hauoni kama masharti yametimia, hauoni mraba, hauoni pembetatu. Linganisha na mwaka 1998, Ilan Vardi alipoonyesha kwamba namba nzima inaweza kuandikwa kwa fomula ya mstari mmoja: namba mbili za Amthor, kipeo cha 4,658, sehemu moja ya kuzidisha, halafu unapandisha mpaka namba kamili inayofuata. Ku mstari huo namba iko yote, na unaona imetoka wapi. Hata bila Vardi, ku maelezo ya hapo juu tayari tunajua mengi: inagawanyika kwa 2, kwa 3, kwa 11, kwa 29, kwa 4,657. Hatujaona hata tarakimu kumi zake, na tunaijua kuliko mtu aliyeikariri.

Na Archimedes mwenyewe? Hakuna hesabu yake ya swali hili iliyotufikia. Kuandika tarakimu zote kwa mkono lilikuwa jambo lisilowezekana kwake. Basi mwalimu amepeleka intero bila korije? Wanafunzi tunajua machungu hayo. Lakini kumbukeni kazi yake nyingine, ile ya kuhesabu mchanga. Mle alionyesha kwamba punje za mchanga za kujaza ulimwengu wote, kama alivyoufikiria, hazifiki 1 yenye sifuri 63. Na alitengeneza majina ya namba mpaka 1 yenye sifuri 80,000,000,000,000,000. Kwa hiyo kundi hili, linaloshinda mchanga wa ulimwengu mbali sana, bado lilikuwa na nafasi ndani ya majina yake. Hakuweza kuliandika, lakini lugha ya kulitaja alikuwa nayo. Ninasoma shairi hivyo: swali la mtu anayejua kwamba kutaja namba, kuiandika na kuielewa ni vitu vitatu mbali mbali.

Kasoro ninayobaki nayo ni ile ya neno "mraba". Mtunzi aliyepanga sehemu zote za mwanzo kwa uangalifu vile hakupaswa kuacha sharti kubwa kuliko yote lisomeke kwa namna mbili. Uzuri wa shairi ulimshinda mhesabu. Na hiyo kasoro ndiyo inanigusa ku kazi yangu. Niliwahi kufuata mradi mmoja wa kuhesabu mifugo vijijini. Fomu iliuliza tu: "Una ng'ombe wangapi?" Ndama anahesabiwa? Ng'ombe uliyemwachia jirani akuchungie ni wako ao wake? Fomu ilinyamaza. Wahesabuji wawili wakipita ku nyumba moja wanarudi na namba mbili, na zote zimeandikwa sawasawa. Kisha ofisini zinaingia ku kompyuta, zinapigiwa wastani mpaka tarakimu ya pili nyuma ya koma, na watu wanaheshimu koma.

Sisi wenye gradua na lisansi tumefundishwa kukimbilia fomula. Tukipewa namba ndefu tunaisadiki, tukipewa swali fupi tunalidharau. Ng'ombe wa Jua wanatugeuza: kwanza soma neno, uliza linamaanisha nini, ndipo uhesabu. Namba inaweza kuwa sahihi mpaka tarakimu ya 206,545 na bado ikawa haina hata ng'ombe mmoja nyuma yake.

Kwa wanaotaka kujaribu bila Cray-1: x² ukitoa 12 × y² inabaki 1 kwa x = 7 na y = 2. Ukiweka 14 ku nafasi ya 12, ni 15 na 4. Tafuteni ya 13, kwa karatasi na kalamu. Haifiki mawinguni kama 61, lakini mtaona namna ardhi inavyoteleza.